Vipuri 214, viungo sifuri

Kidole cha kushoto cha kibano kiling'oka kama jino la mtoto. Nilikuwa nimekiburuta kwa kipanya nikitarajia kifunguke, kama nilivyokiona kikifunguka kwenye video niliyotumiwa. Badala yake kilichomoka kizima, kikapenya katikati ya fremu ya chuma bila kugusa chochote, kikaenda kuelea upande wa pili wa skrini. Pini zake zilibaki nyuma, zimesimama kwenye hewa tupu, zikishikilia kitu ambacho hakipo.

Kazi yenyewe ilionekana ndogo. Mhandisi mmoja alinitumia faili ya kibano cha mashine, kile cha kushikia na kunyanyulia mizigo midogo, akitaka nimjibu swali moja: vidole vikifunguka hadi mwisho, kuna kitu kinagonga fremu? Nikaipigia hesabu ya nusu siku. Fungua faili, weka viungo, vuta kidole, pima mwanya, tuma jibu. Ilinichukua siku tisa, na mbili za mwanzo nilizitupa zote.

Faili ilikuwa ya STEP. Kiwango chake kinaitwa ISO 10303, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1994, na mpaka leo ndicho kinachofanya programu za CAD, yaani za kuchorea mitambo kwa kompyuta, zisizoelewana ziweze kupashana habari. Wengi huichukulia faili ya STEP kama sanduku lililofungwa, kumbe ndani ni maandishi. Ukiifungua kwa programu yoyote ya kuandikia, utakutana na maelfu ya mistari ya namna hii:

#4127=CARTESIAN_POINT('',(182.5,-40.,63.2));
#4128=DIRECTION('',(0.,0.,1.));
#4129=DIRECTION('',(1.,0.,0.));
#4130=AXIS2_PLACEMENT_3D('',#4127,#4128,#4129);

Mstari wa kwanza ni nukta. Wa pili unasema juu ni wapi, wa tatu unasema mbele ni wapi, na wa nne unavifunga vyote vitatu kuwa amri moja: kaa hapa, tazama huku. Kila kipuri kwenye asembli, yaani mashine nzima ikiwa imeunganishwa, kimepewa amri ya aina hiyo. Nilishuka mistari hiyo kwa muda mrefu nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba kidole kinazunguka kwenye pini. Hapakuwapo. Faili ilijua kila kipuri kilipo kwa usahihi wa vipande vya milimita, lakini haikujua hata kidogo kwa nini kipo hapo.

Nitakuwa muungwana kidogo kwa kiwango chenyewe: ISO 10303 ina sehemu ya 105 inayohusu mwendo wa mitambo, na AP242, sehemu yake nyingine iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2014, ina nafasi ya kubeba taarifa hizo. Shida iko kwa wanaoandika na kusoma. Programu nyingi unapobonyeza kuhifadhi kama STEP huandika maumbo, rangi, majina na mahali, zikaishia hapo. Viungo alivyoviweka mbunifu kwa wiki nzima vinabaki kwake nyumbani. Kinachokufikia wewe ni picha ya vipimo vitatu, iliyopigwa mashine ikiwa imesimama.

Na imesimama katika hali gani? Hilo nalo ni bahati yako. Kibano changu kilihifadhiwa kikiwa nusu wazi, kwa sababu tu ndivyo alivyokiacha mbunifu siku ile. Programu ilipokipokea iliichukulia nusu wazi kuwa sifuri. Kwa hiyo mipaka ya mwendo, ambayo kwenye mchoro wake ilisomeka kuanzia digrii 0 hadi 59, kwangu ilikuwa kutoka hasi 37 hadi chanya 22. Nilipoandika 0 na 59 kama zilivyo, kidole kilifunguka mpaka kikatokea mgongoni mwa mashine.

Kiswahili kimelitwisha neno "kiungo" mizigo mingi. Goti ni kiungo, kiwiko ni kiungo, anayegawa mipira katikati ya uwanja naye ni kiungo. Kwa kazi hii maana ya goti inatosha kabisa. Kitu kinachoelea bila kushikwa kina uhuru wa aina 6: kusogea kufuata mihimili mitatu, yaani mistari ya kufikirika ya X, Y na Z, na kuzunguka kwenye mihimili hiyo hiyo mitatu. Kiungo ni makubaliano kuhusu uhuru upi ubaki. Bawaba ya mlango inaacha mmoja tu, wa kuzunguka, na kuondoa mitano. Droo inaacha mmoja wa kuteleza. Fimbo ya mviringo ndani ya bushi, yaani bomba fupi linaloishika, inaacha miwili, kuzunguka na kuteleza. Tufe ndani ya kikombe chake, kama nyonga, linaacha mitatu yote ya kuzunguka na kukataa kusogea.

Hapo programu zimegawanyika makabila mawili, na ukihama kutoka moja kwenda jingine utasumbuka. Kabila la kwanza, lenye SolidWorks, linakutaka uondoe uhuru kidogo kidogo: uso huu uambatane na ule, tundu hili lishiriki mhimili na pini ile, mpaka ubaki na mwendo unaoutaka. Kabila la pili, lenye Fusion na benchi la asembli (seti ya zana za kuunganisha vipuri) lililokuja ndani ya FreeCAD 1.0 mwezi Novemba 2024, linakuuliza mara moja tu: hivi viwili vinahusianaje? Bawaba? Droo? Tufe? Unachagua, yanaisha. Mimi ni wa kabila la pili na sioni aibu. Unapopokea mashine ya mtu mwingine, swali la "hivi viwili vinahusianaje" ndilo unalojiuliza kichwani hata hivyo.

Siku zile mbili nilizozitupa nilizitumia kwa bidii isiyo na akili. Asembli ilikuwa na vipuri 214. Nikaanza juu nikishuka: bolti na tundu lake, kiungo. Washa na bolti, kiungo. Beringi na nyumba yake, kiungo. Kufikia jioni ya siku ya pili nilikuwa na viungo zaidi ya 90, kompyuta inachukua sekunde kumi na kitu kufikiri kila ninapogusa kitu, na upande wa kushoto wa skrini umejaa alama za njano. Kidole hakikusogea hata nywele. Nilikuwa nimeijenga mashine upya kama fundi anayeikusanya mezani, bolti kwa bolti, wakati hakuna aliyeniuliza kama bolti zinakaza.

Asubuhi ya siku ya tatu nilifuta kila kitu, nikachukua karatasi na kalamu. Niliangalia ile video mara kadhaa bila sauti, nikajiuliza kuhusu kila kipande: wewe na jirani yako mnawahi kuachana? Mota, mabano yake, bolti zake, sahani za pembeni, vifuniko: vyote husafiri pamoja, au tuseme vyote hukaa pamoja, maana ndiyo fremu. Kidole pamoja na kibandiko chake cha mpira, bolti za kibandiko na bushi zilizogongwa ndani yake: kitu kimoja. Nilipomaliza, vipuri 214 vilikuwa vipande 12. Fremu. Gia ndogo ya mota. Parafujo ndefu ya kusukumia pamoja na gia yake kubwa. Nati inayopanda na kushuka juu ya parafujo. Kisha kila upande vinne: kidole, upau wa mbele, upau wa nyuma, na kisukumo kinachounganisha nati na upau wa mbele.

Vipande 12, na kati ya vipande 12 viungo 15. Ningeweza kuvihesabu kwa vidole vya mikono na mguu mmoja.

Kila kundi nikalifunga kuwa mwili mmoja mgumu. Fremu nikaikita, yaani nikaiambia programu kwamba hiki hakiendi popote, ndicho ardhi. Hili la kukita ni dogo lakini watu hulisahau, kisha wanashangaa kwa nini wakivuta kidole mashine nzima inazunguka kama feni huku kidole kimetulia. Kwa programu hakuna tofauti kati ya mlango unaozunguka kwenye ukuta na ukuta unaozunguka kwenye mlango, mpaka uiambie.

Halafu kuna aina ya kiungo ambayo kwa faili za kupokea ndiyo ya kutumia, nami niliijua kwa kuchelewa. Kiungo cha kawaida huvileta vipuri pamoja: unabofya tundu la hapa, unabofya pini ya pale, programu inavigonganisha vikutane. Hiyo inafaa unapojenga mashine yako kuanzia mwanzo. Lakini asembli iliyopokelewa tayari imekaa sawa, kila kitu kiko mahali pake, na kitu pekee sahihi ulichopewa ni hayo mahali! Kiungo cha kawaida kinakuja na kuvuruga: kinageuza upau kichwa chini, kinausogeza milimita nne kwa sababu ulibofya ukingo wa tundu badala ya katikati yake. Unachotaka ni kiungo kinachosema: baki hapo hapo ulipo, ila kuanzia sasa zunguka kwenye mhimili huu. Kama programu yako haina aina hiyo, weka mihimili mitatu midogo ya kwako, X, Y na Z, kwenye kipuri cha kwanza, na mingine mahali pale pale kwenye kipuri cha pili, kisha unganisha mihimili kwa mihimili. Vikikutana havina pa kwenda, maana tayari vimekutana.

Kupata huo mhimili nako si kubofya tu. Matundu mengi yalikuwa silinda safi, na programu ikinusa silinda inakupa mhimili wake bila kuombwa. Mengine yalikuja yamekatwa nusu mbili, kila nusu uso wake, na bado hiyo si shida kwa kuwa nusu silinda ina mhimili ule ule. Lakini kwenye upau wa nyuma wa kushoto kulikuwa na tundu ambalo kwa macho lilikuwa duara kamili, na programu haikulitambua kabisa. Kipuri hicho, nadhani, kilikuwa kimepita kwenye programu mbili au tatu kabla ya kunifikia, na njiani silinda ikaandikwa kama uso huria, ule unaofinyangwa kwa nukta nyingi za kuongoza. Unaonekana silinda, unapimika silinda, lakini umesahau jina lake. Nilichukua nukta tatu kwenye ukingo, nikachora duara linalopita zote tatu, na katikati ya duara hilo nikapata mhimili wangu. Dakika tano. Kabla ya kujua hilo, saa mbili.

Viungo vya upande wa kushoto vikakaa. Kila nilipoweka kimoja nilikiburuta kidogo kuona kama kinafanya ninachodhani, nikakirudisha, nikaweka kinachofuata. Nilipoweka cha mwisho, kile kinachofunga duara la fremu, upau wa mbele, kidole na upau wa nyuma, kila kitu kikakauka. Programu ikasema viungo vinapingana.

Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, ingawa wakati ule nililaani. Mfumo wa pau nne ni wa zamani kuliko umeme, upo kwenye baadhi ya koleo na kwenye bawaba za kabati, na kila mtu anajua unasogea. Sasa hesabu. Kuna kanuni iliyobeba majina ya Grübler na Kutzbach: chukua idadi ya vipande, toa moja kwa ajili ya ardhi, toa idadi ya viungo, zidisha kwa 6, kisha jumlisha uhuru ulioachwa na kila kiungo. Vipande vyangu vinne, viungo vinne vya bawaba. Nne toa moja toa nne ni hasi 1. Mara 6, hasi 6. Jumlisha 4, kwa kuwa kila bawaba inaacha mmoja. Jibu: hasi 2. Kwa hesabu hiyo mfumo wa pau nne hausogei, na umekazwa kupita kiasi mara tatu.

Unasogea kwa sababu moja tu, kwamba mihimili yote minne imesimama sambamba. Ikiwa sambamba kweli kweli, masharti matatu kati ya yaliyowekwa yanarudia kusema jambo lile lile, na hakuna ugomvi. Nikarudi kwenye maandishi ya faili kutafuta mihimili ya matundu hayo. Mitatu ilisomeka (0.,0.,1.). Wa nne, kwenye kile kipuri kilichosahau silinda, nilioupata mwenyewe kwa duara la nukta tatu, ulisomeka 0.0002 kwenye X. Mteremko huo kwa urefu wa milimita 300 ni milimita 0.06. Karibu unene wa unywele. Chuma halisi husamehe hilo, kwa maana pini na bushi vina ulegevu wao na grisi inajaza palipobaki. Hesabu ya kompyuta haina grisi.

Ningeweza kuunyoosha mhimili huo. Badala yake nilifanya kitu ambacho siku hizi nakifanya kila mara kwenye faili za watu. Niliacha bawaba mbili zibaki bawaba. Ya tatu nikaigeuza kuwa kiungo cha silinda, kinachozunguka na pia kuteleza, uhuru 2. Ya nne nikaigeuza kuwa tufe, uhuru 3. Jumla ya uhuru sasa 1, 1, 2 na 3, yaani 7. Hasi 6 jumlisha 7: moja. Mwendo mmoja kamili, bila sharti linalorudiwa. Silinda inameza tofauti ya kando, tufe linameza mteremko, na kwa macho kidole kinatembea vile vile. Atakayefungua faili yangu na kukuta tufe mahali ambapo mashine ina pini ya kawaida atadhani nimechanganyikiwa, hivyo huwa naandika jina la kiungo waziwazi: "pini, imelegezwa kwa makusudi".

Kidole kikasogea. Nilikivuta mbele na nyuma kama mtoto kwa dakika kadhaa. Kisha nikakivuta haraka mno, na pau mbili zilipofika kwenye mstari mmoja, moja ikaendelea mbele na nyingine ikarudi nyuma, kidole kikapinduka. Pau zilizo sambamba zina mahali hapo pa njia panda ambapo hesabu inakubali majibu mawili, na kikokotozi kikiruka hatua kubwa hakikumbuki kilitokea upande gani. Mipaka ya mwendo, ile ya hasi 37 na chanya 22, ndiyo iliyokuwa dawa: haifiki kwenye njia panda.

Upande wa kulia nilidhani nitaunakili tu wa kushoto. Haikuwa hivyo, kwa sababu amri ya mahali kwenye STEP inaweza kusogeza na kuzungusha lakini haiwezi kugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo vipuri vinavyofanana kama mtu na taswira yake kwenye kioo huja kama vipuri tofauti vyenye nyuso zao. Fanya upya.

Springi nilizificha. Springi kwenye faili ya STEP ni chuma kilichopinda na kugandishwa, haibonyei wala hairefuki, na ukiifunga upande mmoja itachomoza upande wa pili kifungukapo kibano. Mabomba na nyaya ni hivyo hivyo. Kama hujaombwa kupima mahali bomba linapopita, lizime lisionekane uendelee na maisha.

Gia zina uongo wake mtamu. Meno yanaonekana yameumana, kwa hiyo unategemea ukizungusha moja nyingine ifuate. Haifuati, inapita ndani ya mwenzake kama moshi. Programu haiangalii meno, inataka namba. Nilipaka jino moja la kila gia rangi nyekundu ili nisipotee, nikahesabu: 18 kwenye gia ya mota, 45 kwenye gia ya parafujo. Uwiano 2.5, na alama ya kutoa mbele yake kwa kuwa gia mbili zinazoumana nje huzunguka kinyume. Nilihesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata 44.

Nilipokuwa karibu kumaliza, mhandisi akanitumia toleo jipya la faili. "Nimebadilisha unene wa sahani tu, kaka, hakuna kingine." Nikaipakia mahali pa ile ya zamani, na viungo 11 kati ya 15 vikageuka vyekundu. Kwa macho yetu tundu ni lile lile. Kwa programu, tundu lilikuwa uso namba fulani kwenye orodha ya nyuso, na faili mpya ilipoandikwa orodha ilipangwa upya. Hili ni gonjwa la zamani la majina ya nyuso. FreeCAD 1.0 ilitangaza hatua kubwa ya kulitibu, lakini tiba hiyo ni kwa maumbo uliyoyajenga mwenyewe ndani ya programu, ambayo yana historia. Umbo lililopokelewa halina historia. Limezaliwa leo asubuhi likiwa mtu mzima.

Viungo vinne vilivyopona ndivyo vilivyonifundisha. Vilikuwa vile nilivyovifunga kwenye mihimili yangu midogo badala ya nyuso za faili. Basi nikatengeneza mifupa: kipuri kisicho na umbo lolote kwa kila mwili kati ya ile 12, chenye mihimili tu, kila mmoja umekaa katikati ya pini yake. Viungo vyote nikavifunga mfupa kwa mfupa. Nyama, yaani vipuri vya mhandisi, nikaibandika juu ya mifupa kwa kukaza. Akituma toleo jipya, navua nyama ya zamani navisha mpya, na mifupa haijui kama kuna kilichotokea. Alituma matoleo mengine mawili kabla ya mwisho wa wiki, yote ya "hakuna kingine".

Ilibaki parafujo. Kwenye faili nyingi za kupokea, nyuzi za parafujo hazichorwi, ni fimbo laini tu, kwani nyuzi huongeza uzito wa faili bila faida. Kwa hiyo hatua ya uzi, yaani nati inasogea kiasi gani parafujo ikizunguka mara moja, haimo popote. Nilimwandikia kumuuliza. Akajibu kwa tarakimu moja: "2." Nikaingiza milimita 2. Nati ilipaswa kusafiri milimita 44 kutoka kufungwa hadi kufunguka, kwa hiyo parafujo ilizunguka mara 22, na kwa uwiano wa gia mota ikazunguka mara 55. Nilimtumia namba hizo kwa kujigamba kidogo.

Alinipigia simu. Mota yao, alisema, inafungua kibano kwa mizunguko 27 na nusu, wameihesabu mara nyingi.

Nusu kamili. Nilikagua gia, nikakagua meno mekundu, nikakagua kwamba sikuingiza kipenyo mahali pa nusu kipenyo. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikamrudia: "Mhandisi, samahani, hiyo 2 ni ya nini hasa?" Akakaa kimya kidogo, nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Hatua ni 2," akasema, "ila parafujo yenyewe ina mianzo miwili." Nyuzi mbili zinazokimbizana kwenye fimbo moja, kila moja ikianzia kwake. Kutoka uzi hadi uzi wa jirani ni milimita 2, lakini kwa mzunguko mmoja nati inaruka zote mbili.

Nikafuta 2, nikaandika 4. Mizunguko 27.5 ya mota, 11 ya parafujo, nati ikasimama kwenye 44. Vidole vikafunguka hadi mwisho, na kwa kuwa pau zao ni sambamba havikuinama, vilirudi nyuma vikiwa wima, migongo ikielekea fremu. Hakuna kilichogonga. Lakini vichwa vya bolti za M6 (za kipenyo cha milimita 6) zinazoshika kibandiko cha mpira vilisimama milimita 1.3 kutoka kwenye ubavu wa fremu, wakati mchoro wake unadai 3. Kichwa cha bolti hiyo ya kawaida kina kimo cha milimita 6. Ipo ya kichwa kifupi, milimita 4. Nikavua nyama ya kidole, nikabadilisha bolti mbili, nikaivisha tena, nikapima: 3.3.

Nikamtumia picha mbili, ya kwanza na ya pili, na kati yake mstari mmoja kumuuliza kama bolti za kichwa kifupi zitatosha kukaza kile kibandiko.